Nimeshika Jembe Birmingham

Mwalimu wa zamu alikuwa akipima adhabu kwa fimbo. Anailaza chini, anaweka alama kwa kisigino, anailaza tena, hadi zitimie tano huku na tano kule. Eneo hilo ndilo ulilotakiwa kulilima kabla ya kuingia darasani, kwa kosa la kuchelewa namba. Waliokutwa wakizungumza Kichaga walipimiwa kumi. Majembe yalikaa kwenye kona ya stoo, nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, na kila mtoto alijua lipi lina mpini uliolegea. Shule ilikuwa upande wa Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mahali ambapo udongo ni mwekundu na laini kiasi kwamba kulima kwenyewe hakukuwa kazi ngumu. Kilichouma ni maneno. “Usiposoma,” mwalimu alituambia, “hilo ndilo litakuwa kalamu yako.”

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba ili mtoto asitenganishwe na kazi ya wazazi wake. Nia ilikuwa njema na naiheshimu mpaka leo. Lakini mtoto hasomi waraka, anasoma anachofanyiwa. Sisi tulisoma kwamba kalamu ni tuzo na jembe ni adhabu, na tuliofaulu tukakimbia mbali na jembe kadiri nauli ilivyoturuhusu. Mimi nilifika Birmingham.

Nilipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Usiku katika nyumba kama hiyo ni mrefu, na wazee wasiolala hupenda kuongea. Mmoja wao alikuwa fundi wa kiwanda cha magari enzi zake. Habari zake zote zilikuwa za viazi. Alikuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipowahimiza raia walime kila mahali, hata bustani za kupumzikia na viwanja vya mpira vikageuzwa matuta. Baba yake alikodi kipande cha ardhi kutoka halmashauri, na yeye akakirithi kwa maana ya kuendelea kukilipia kodi kwa miaka zaidi ya hamsini, mpaka miguu ilipokataa. Nilimuuliza walikuwa wakilimishwa kwa kosa gani. Hakuelewa swali.

Ndipo nilipojua habari za alotimenti. Ni eneo la ardhi, mara nyingi ndani ya mji, lililogawanywa katika vipande vidogo na kukodishwa kwa wakazi walime mboga na matunda ya kula nyumbani kwao. Sheria ya mwaka 1908 inazibebesha halmashauri za England na Wales wajibu wa kutoa vipande hivyo pale watu wanapovihitaji. Mwaka 1922 sheria nyingine ikafafanua kwamba mazao yawe hasa ya kuliwa na mkulima na familia yake. Si ardhi ya biashara. Wakati wa vita vile vipande hivyo vilifika takriban milioni 1.4 nchi nzima. Sasa vimepungua sana, na watu wanapanga foleni. Nilipoandikisha jina langu mwaka 2016, mbele yangu kwenye orodha walikuwemo mwalimu wa chuo kikuu, mhasibu, na daktari wa meno. Wote walikuwa wakisubiri jembe. Nilisubiri nao miaka miwili.

Kipande changu kina fito kumi. Hivyo ndivyo katibu wa kamati alivyoniambia siku aliponikabidhi ufunguo wa geti, na nilimwomba arudie. Waingereza wa zamani walipima mashamba kwa ufito, mti wa mita tano na sentimita tatu hivi, na mpaka leo wakulima wa alotimenti wanautaja. Fito kumi za mraba ni kama mita za mraba 250. Nilisimama pale getini nikimwona mwalimu wa zamu akiweka alama kwa kisigino.

Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili 2018. Majira ya baridi ya mwaka ule yalikuwa yamegoma kuondoka: theluji nzito ilianguka mwishoni mwa Februari, ikarudi tena katikati ya Machi. Nilipanda basi namba 74 kutoka katikati ya mji, likapita Hockley na kuingia Soho Road, barabara kuu ya Handsworth. Kwa mgeni kutoka kwetu, Soho Road ni faraja ya macho. Nje ya maduka kuna mihogo, viazi vikuu, ndizi za kupika, bamia na mafungu ya giligilani, na ndani vitambaa vya sari na vito vya dhahabu. Upande mmoja limesimama hekalu kubwa la Makalasinga, na hilo nitalirudia. Basi likaniacha, nikatembea robo saa na beleshi jipya begani, watu wakinipisha njiani.

Kipande chenyewe hakikuwa kimelimwa kwa miaka. Nusu ilifunikwa na vichaka vya miiba, ile inayozaa matunda meusi wakati wa vuli. Nusu nyingine ilikuwa na nyasi za mizizi mirefu, ndugu wa sangari yetu, na chini ya nyasi udongo wa mfinyanzi mzito kiasi kwamba beleshi lilitoka na bonge la uzito wa mtoto mchanga. Nilichimba hadi mchana nikasafisha eneo la kutosha kulaza mkeka mmoja.

Mwezi Mei nikaona kitu kilichonifurahisha. Kando ya uzio yalikuwa yamechipuka majani yenye umbo la moyo, laini, kwenye kikonyo kinachotambaa. Matembele! Nilianza kuyachuma, kiganja kwa kiganja, nikifikiria kitunguu na nyanya vilivyokuwa nyumbani. Sauti ikatoka kipande cha pili.

“Wacha hiyo, dada! Hiyo si ya kula!”

Alisema kwa Kiswahili. Nilipogeuka nikamwona mzee wa Kikalasinga mwenye kilemba cha rangi ya maziwa na ndevu nyeupe, ameegemea uma wa kulimia. Alikuwa ameisikia simu yangu dakika chache kabla, nikizungumza na dada yangu Moshi, akanyamaza akisikiliza tu. Mmea niliokuwa nauchuma ni gugu ambalo wakulima wa Uingereza wanalichukia kuliko yote. Kwa nasaba, kweli, ni la ukoo mmoja na viazi vitamu, ndiyo maana majani yanafanana, lakini haliliwi, linaudhi tumbo. Mizizi yake ni myeupe kama tambi, na ukiikata vipande kumi umepanda magugu kumi.

“Shikamoo, mzee,” nilimwambia.

Alikaa kimya kidogo. “Marahaba,” akajibu. “Miaka mingi sijaitikia hiyo.”

Alizaliwa Kericho. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo katika viwanda vya chai, naye aliondoka Kenya mwaka 1968 akiwa kijana, wakati Wahindi wengi wenye pasi za Kiingereza walipokimbilia huku kabla milango haijafungwa. Kupitia kwake nilielewa lile hekalu la Soho Road. Aliyeianzisha jumuiya yake, Puran Singh, aliishi Kericho kabla ya kuhamia Uingereza, na waumini wanamwita Kerichowale, yaani yule wa Kericho. Jina la mji wetu wa chai linatajwa kwa heshima katikati ya Birmingham kila siku, na mimi nilikuwa nimepita mlangoni pale kwa miaka bila kujua.

Juni nilipata barua. Kamati iliona kwamba zaidi ya nusu ya kipande changu bado ni pori, na kanuni zinasema kipande kisicholimwa kinarudishwa kwa walio kwenye orodha. Nilikuwa nimefanya zamu sita kwa wiki mwezi ule mzima. Barua ile iliniuma kama yale maneno ya stoo, nikaamua moyoni kuurudisha ufunguo. Nilikwenda kumuaga mzee wa Kericho. Aliisoma barua, akaikunja, akaniuliza kama Jumamosi nina zamu. Nikamwambia sina.

Jumamosi walikuja watu saba. Alikuwepo bibi mmoja wa Kijamaika kutoka kipande cha juu, mwenye kofia ya majani na mikono yenye nguvu kuliko yangu. Alikuwepo baba wa Kibengali na wanawe wawili, wazungu wawili mume na mke ambao nilikuwa nawajua kwa kupungiana mikono tu, na mzee wa Kericho akiwa na toroli. Kwetu Kilimanjaro kazi hiyo tungeiita msaragambo. Yeye alisimama katikati ya miiba akapaza sauti, “Harambee!” na wale vijana wa Kibengali, bila kujua maana, wakaitikia “Hee!” Kufikia jioni hapakuwa na kichaka.

Siku hiyohiyo ndipo alipotoa jembe. Mimi nilikuwa nahangaika na uma, kifaa kizuri kwa udongo uliokwisha kulimwa, lakini kwa mfinyanzi uliolala miaka hakina uzito. Alifungua kibanda chake, akatoa jembe. Jembe hasa, la kwetu, lenye bapa pana na tundu la duara la mpini, si kile kijembe cha Kizungu cha kukwangulia magugu. Juu ya bapa palikuwa na mhuri wa mamba.

Mtu aliyekulia kijijini Afrika Mashariki anaujua mhuri huo. Majembe ya stoo yetu yalikuwa na mamba. Nilimuuliza kama alilibeba kutoka Kericho. Akacheka. Alilinunua hapahapa, kwa sababu linatoka hapahapa. Majembe ya mamba yalitengenezwa na kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, mji ulio jirani na Birmingham, yakapakiwa melini kwenda Afrika na visiwa vya Karibi. Bibi wa Kijamaika alilijua pia. Alilishika, akalipima mkononi, akasema baba yake alikuwa nalo.

Wiki iliyofuata, siku yangu ya kupumzika, nilipanda tramu kituo cha Booth Street nikaenda Wolverhampton. Sikuwa na la kufanya huko. Nilitaka tu kuiona nchi ambako jembe lile lilizaliwa. Njia inapita katikati ya Black Country, eneo lililopewa jina la weusi kwa moshi wa viwanda vyake na makaa ya mawe yake, na dirishani nikaona mifereji ya maji ya zamani, maghala ya matofali, vyuma vikuukuu, na nyumba mpya zilizojengwa penye viwanda vilivyobomolewa. Hapo walikaa watu waliofua chuma mchana kutwa, na jioni, waliojaliwa, wakaenda kwenye fito zao kumi kulima viazi. Mtu aliyelitengeneza jembe la shule yetu huenda alikuwa na bustani aliyoipenda. Lilipotoka mkononi mwake lilikuwa chombo cha kazi. Adhabu tuliiongeza sisi.

Kiangazi cha 2018 kilikuwa cha joto kali, England haikuwa imewahi kurekodi chenye joto zaidi, na kwangu mimi mgeni wa kazi ile kilikuwa kama kukaribishwa kwa zulia. Mahindi yalinizidi kimo. Maboga yalitambaa hadi njiani, nikachuma majani yake nikayapika na karanga. Jambo lililonishangaza zaidi ni mwanga. Moshi jua linatua saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, na saa zetu zimejengwa juu ya uaminifu huo. Handsworth mwezi Juni, saa tatu usiku jua lipo, nawe unapalilia. Saa kumi na moja alfajiri limekwisha kuchomoza. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, napanda basi moja kwa moja hadi shambani, namwagilia, ndipo naenda kulala. Niligundua kwamba silali vizuri popote kama nilivyolala baada ya kumwagilia.

Na mchicha. Sikuupanda. Ulichipuka wenyewe kwenye tuta la vitunguu, miche midogo yenye majani mekundu upande wa chini. Niliung'oa mmoja nikaunusa, kisha nikampelekea bibi wa Kijamaika anithibitishie. “Hiyo ni kalalu,” akasema, mbegu zake zilizopeperuka. Wajamaika wanaukaanga kwa kitunguu, nyanya, pilipili na samaki mkavu wa chumvi. Baba wa Kibengali akaukaribia akasema hiyo ni shaak, wa kwake ni mwekundu mpaka shina, unapikwa na vitunguu saumu vingi, na mbegu zake zinauzwa kwa pakiti Coventry Road. Mzee wa Kericho akasema kwa Kipunjabi ni chaulai, lakini mama yake Kericho alikuwa akimwagiza shamba boy akachume mchicha. Yule mama wa Kizungu alikuja akatuambia anao nyumbani aina yenye mikia mirefu myekundu, anaupanda kama ua. Hakujua unaliwa.

Tulisimama pale watano na mche mmoja. Sijapata kikao cha namna hiyo mahali pengine Uingereza. Kazini naulizwa vyeti, benki naulizwa anwani, uhamiaji naulizwa vyote viwili na picha. Shambani niliulizwa: ninyi mnaupikaje? Nikawaambia habari za tui la nazi. Jumapili iliyofuata nilileta sufuria nzima, nikaipakua kwenye vibakuli vya plastiki juu ya toroli lililogeuzwa kifudifudi. Kwa kuwa haturuhusiwi kulima kibiashara, ziada yote hugawanywa. Mzee wa Kericho hupeleka yake hekaluni, kwenye jiko linalolisha yeyote anayeingia bila kumuuliza dini. Mchicha wangu umeliwa humo.

Desemba nilikwenda nyumbani, kama Mchaga yeyote mwenye nauli anavyofanya. Nilimwonyesha mama picha. Alitazama mahindi, akatazama maboga, akatazama buti zangu za matope.

“Umekwenda Ulaya kulima?” aliniuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Shamba la nani?”

“Langu. Nimekodi. Mkataba una jina langu.”

Aliirudisha simu, akaendelea kumenya ndizi. Nilijua anafikiri nini kwa sababu mimi pia nilikuwa nafikiri hilohilo. Nyumba yetu iko ndani ya kihamba. Pale kuna migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi kando ya mfereji ulioletwa na wazee wetu kutoka msituni, na kila kipande cha ardhi hiyo mama yangu amekilima na kukipalilia tangu aolewe. Kwa mila, kihamba kinarithiwa na watoto wa kiume, wa kwanza na wa mwisho wakitangulia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa, na nchi inastahili sifa kwa hilo, lakini sheria inakaa Dodoma na mila inakaa jikoni. Mama hakuwahi kuwa na fito moja yenye jina lake. Mimi nilikuwa nazo kumi, hata kama ni za kukodi, kwenye nchi ya watu.

Siku ya kuondoka alinipa kijifuko cha kitambaa. Ndani mlikuwa na ngwara, maharage meusi yenye mstari mweupe, mbegu yake ya miaka mingi. Ilinibidi nikatae. Mbegu za kupanda zinazoingia Uingereza zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, na sababu yake ni ya haki: ugonjwa mmoja ukiingia na punje moja unaweza kumaliza mashamba ya watu wasio na hatia. Nilimweleza. Alielewa kwa kichwa. Kijifuko kilibaki juu ya meza, na safari yote ya kwenda uwanja wa ndege niliona aibu kama mtu aliyekataa chakula.

Ngwara niliipata kwa Wabengali. Wao wanaiita shim, wanaipenda kama tunavyoipenda, na pakiti zinauzwa dukani zikiwa na vibali vyake. Mwaka wa pili niliipanda mapema, mwisho wa Aprili, nikijivunia mafanikio ya mwaka wa kwanza. Wiki ya kwanza ya Mei baridi ilirudi. Nilifika asubuhi nikakuta umande umeganda mweupe juu ya kila kitu, jalidi, na miche yote imelala, myeusi, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Mzee wa Kericho hakunilaumu. Alisema tu kwamba Birmingham haipandi kitu cha Afrika nje kabla ya katikati ya Mei, na kwamba yeye alijifunza hivyo mara tatu.

Nilipanda tena Juni. Safari hii ngwara ikakua kwa fahari, ikapanda miti, ikafunika uzio, majani matupu. Julai hakuna ua. Agosti hakuna ua. Baba wa Kibengali ndiye aliyenieleza: aina nyingi za ngwara, kama mbaazi, hazitoi maua mpaka siku ziwe fupi. Mimea ya kwetu haijazoea jua la saa tatu usiku; inangoja usiku wa saa kumi na mbili ili iamini kwamba msimu umefika. Usiku huo Birmingham unaupata mwisho wa Septemba, na jalidi iko nyuma yake. Ilitoa maua ya zambarau mazuri sana mwanzoni mwa Oktoba. Nilivuna maganda kumi na moja machanga, kisha baridi ikaimaliza. Zipo aina zisizojali urefu wa siku, na sasa ninapanda hizo, nikizianzisha ndani ya nyumba dirishani mwezi Aprili. Mkulima wa kwetu anayeanza huku azingatie hilo kuliko mbolea.

Tarehe 23 Machi 2020 watu waliamriwa kukaa majumbani. Alotimenti hazikufungwa, na mimi namshukuru yeyote aliyeamua hivyo. Katika nyumba ya wazee tulikuwa tunaingia kazini tukiwa tumefunika nyuso, na ndani ya wiki sita tuliwapoteza watu niliokuwa nimewabeba, niliowalisha kwa kijiko, niliojua majina ya wajukuu wao. Yule fundi wa magari alikuwa mmoja wao. Hakuna mtoto wake aliyeruhusiwa kuwa chumbani. Nilikuwepo mimi.

Alikuwa amenifundisha kwamba viazi hupandwa Ijumaa Kuu, na kwamba kama ni viazi basi ni King Edward. Ijumaa Kuu ya mwaka ule ilikuwa tarehe 10 Aprili. Nilitoka zamu, nikapanda basi ambalo ndani tulikuwa dereva na mimi, nikafungua geti. Nilifukua mitaro minne kwa jembe la mamba, nikaweka samadi ya farasi, nikapanda King Edward mmoja mmoja, macho yakitazama juu, kama alivyonielekeza. Bibi wa Kijamaika alikuwa kwenye kipande chake. Hakunisogelea, haikuruhusiwa. Alipoona nimekaa chini kwenye matope, alianza kuimba wimbo wa kanisani, akaimba mpaka nikasimama.

Mzee wa Kericho hakutoka nyumbani miezi minne kwa sababu ya umri. Tulimlimia kwa zamu. Aliporudi Agosti alikuta mamumunye yananing'inia na kitunguu saumu kimekwisha kuanikwa kibandani. Alizunguka kipande chake polepole, akiwa na barakoa chini ya kilemba, akigusa kila kitu.

Mwaka ule maombi ya vipande yaliongezeka kila mahali, na orodha zimebaki ndefu. Lakini ile sheria ya 1908 ina kifungu cha 23 ambacho nataka kila Mswahili aliyeko England na Wales akijue. Penye uhaba wa vipande, wakazi sita waliojiandikisha kupiga kura, au wanaolipa kodi ya halmashauri, wakiandika ombi kwa pamoja, halmashauri inalazimika kulizingatia, isipokuwa zile za London ya kati. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda anayeishi huku kwa kibali anaweza kujiandikisha kupiga kura, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Watu sita tunawapata kwenye msiba mmoja, kwenye kikao kimoja cha harusi. Tuandike barua.

Na kwa mwalimu wa zamu, popote ulipo na fimbo yako: mtoto akichelewa, mpe adhabu nyingine. Mtoto akifaulu, mpimie tano kwa tano, mwambie ni zake hadi mwisho wa mwaka, na atakachovuna apeleke kwa mama yake.